Kuvua na Mama Mkwe

Ijumaa ile mchana nilikuwa nafunga kibanda changu cha kutengeneza simu pale Bariadi, mteja mmoja akaniuliza mbona nafunga mapema. Nikamjibu bila kufikiri, "Nakwenda kijijini. Kesho nakwenda kuvua na mama mkwe."

Dada anayeuza maandazi mlangoni akashusha beseni lake chini. Mteja akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akaitazama simu yake iliyokuwa wazi mezani kama mtu anayejiuliza kama ni salama kuiacha mikononi mwangu. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, kimeweka neno moja kwa kazi ya kutoa samaki majini na kazi ya kutoa nguo mwilini.

"Samaki," nikasema. "Kuvua samaki. Kwa ndoano."

"Ungeanza na samaki," akasema yule dada, akajitwika beseni, akaondoka zake. Najua alikokwenda, maana nilipofika stendi kununua sukari, muuza sukari alikuwa ameshapata habari.

Kwa mtu asiyetujua, labda hilo ni la kucheka tu likapita. Lakini kwetu Usukumani mama mkwe si mtu wa kutaniwa. Ukimwona anakuja njiani, unaacha njia na kuingia majanini mpaka apite. Humpi mkono, huli naye, huketi naye chumba kimoja, na jina lake hulitaji hata akiwa mbali. Siku hizi mjini nawaona vijana wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha, mashavu yamegusana, nami huwa naangalia pembeni. Mimi ni mtoto wa Malampaka, nimekulia karibu na stesheni ya treni, wazee wa huku Itilima hunitania kwamba sisi watoto wa reli hatuna adabu. Kwa sababu hiyo nilipooa niliamua kuwa na adabu kuliko wote. Tangu nimeoa sikuwahi kumtazama mama mkwe usoni. Nilikuwa namfahamu kwa sauti na kwa visigino.

Sasa nieleze kilichonipeleka huko. Mke wangu alikuwa mjamzito. Tulikuwa tumeisubiri mimba ile muda mrefu, na ilipokuja ilikuja na masharti: presha ikapanda, miguu ikavimba, daktari akamwambia alale kitandani na asiinue hata ndoo ya maji. Mimi nilikuwa napika, nafua, natengeneza simu za watu, vyote vibaya. Mke wangu alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mama yake aje akae naye mpaka ajifungue.

Alimpigia simu mara kadhaa. Kila mara mama yake alimjibu lile lile: mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwe wake, haijapata kutokea, watu wataonaje. Mke wangu akija kukata simu, anageukia ukutani.

"Nenda wewe," akaniambia.

"Niende nikamwambieje wakati hatuongei?"

"Bibi yupo. Mtaongea kupitia kwa bibi."

"Mama yako mwenyewe amekukataa kwa mdomo wake, mimi atanikubali kwa mdomo wa bibi?"

"Nataka mama yangu," akasema, na machozi yakaanza. Nikaenda kuangalia mafuta kwenye pikipiki.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo niliingia Nkoma, kijijini kwao, jioni na sukari, majani ya chai na sabuni za miche. Ilikuwa pamba imeanza kupasuka, mashamba meupe pande zote mbili za barabara. Pale nyumbani kwao wanakaa mama mkwe, ambaye ni mjane, shemeji yangu na familia yake, na bibi, yaani mama yake mama mkwe. Mke wangu ni wa pili kuzaliwa. Dada yake alifariki kabla mimi sijaja kuoa, na nilikuwa najua tu kwamba hatajwi.

Bibi ndiye aliyenipokea. Kwa bibi hakuna heshima za kuingia majanini. Kwa bibi ni utani mtupu, maana kimila mke wangu ni mke mwenzake na mimi ni mume wao wote wawili.

"Mwadila, mume wetu!" akaniamkia kwa salamu ya jioni. "Umekonda. Mke mwenzangu hakulishi?"

"Mke mwenzako amelala, bibi. Nimekuja kwa ajili hiyo."

"Najua ulichokuja nacho. Weka sukari hapo." Akapunguza sauti. "Ni kama nilivyokuambia kwenye simu: hapa nyumbani hutamwambia kitu. Ana mtama, ana kuku, ana kuni, ana pa kukimbilia. Kesho atakwenda lambo kuvua. Ukiwa na samaki huwezi kukimbia. Njoo na ndoano."

Ndivyo safari ya kuvua na mama mkwe ilivyopangwa, na bibi mwenyewe.

Lambo lile lilichimbwa kwa ajili ya mifugo. Mvua za masika zilikuwa zimelijaza mpaka kwenye nyasi, maji rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake wamejaa perege, samaki bapa wa ukubwa wa kiganja, wenye miiba mgongoni na hasira za kutosha. Mama mkwe alijifunza kuvua kwa baba yake tangu msichana. Wanawake wengine wakimaliza kazi za Jumamosi wanasuka nywele, yeye anachukua ufito wake, uzi wa nailoni, boya alilolikata kwenye kandambili iliyokufa, na kopo la minyoo, anakwenda kukaa kwenye tuta la lambo mpaka jua lipoe.

Tulijipanga kwa utaratibu. Mama mkwe alikaa kwenye tuta, akanipa mgongo. Mimi nilikaa kule majani yanakoanza, nikampa wangu. Bibi alikaa katikati yetu juu ya ndoo iliyogeuzwa, na mwavuli wa kanisani umefunguliwa juu yake. Hapakuwa mbali. Ningetupa bonge la udongo lingempita mama mkwe, Mungu aniepushe.

Nilisubiri tupate samaki kwanza, ili moyo wake ulainike. Nikapata wa kwanza. Nikasahau shida zote. Ufito ulipopinda na yule perege akaja juu anapigapiga maji, nilicheka kwa sauti, na nikamsikia mama mkwe naye akicheka kidogo kule kwenye tuta, kisha akajizuia. Nikaona wakati umefika.

"Bibi," nikasema, "mwambie mama, binti yake anamsalimia sana. Daktari amemwambia alale tu kitandani. Anamwomba mama aje Bariadi akae naye mpaka ajifungue."

Lambo lilikuwa limetulia, na sauti juu ya maji huenda mbali. Hata korongo waliosimama ng'ambo walisikia, na mama mkwe alikuwa karibu zaidi ya korongo. Lakini hakutikisika, kwa kuwa alikuwa bado hajaambiwa. Ndiyo kanuni yenyewe: jambo ambalo mjumbe hajalileta, wewe hujalisikia.

Bibi akakohoa, akageukia tuta. "Mwanangu, nkwilima wako, huyu mkweo, anasema samaki wa hapa ni wadogo kuliko wa Malampaka."

Nikamgeukia bibi. Hakunitazama.

Mama mkwe akalitazama boya lake kwa muda. "Mwambie," akasema, "Malampaka samaki wanaletwa na treni."

"Mume wetu, anasema Malampaka samaki..."

"Nimesikia, bibi!"

"Hujasikia. Sijakuambia."

"Bibi, mimi sikusema habari za samaki."

"Masikio yangu yamezeeka. Rudia, mume wetu, sema kwa nguvu."

Nikarudia, kwa nguvu. Mke wangu, kitanda, daktari, Bariadi. Ng'ombe waliokuwa wanateremka kunywa maji wakasimama. Bibi akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma, akageuka.

"Anasema minyoo yake imekwisha."

Minyoo yangu ilikuwa imejaa kopo. Mama mkwe angeweza kuliona kopo lenyewe kama angegeuka. Lakini aliyesema ni mjumbe, na mjumbe akishasema imekwisha, imekwisha. Akainuka, akaweka kopo lake katikati ya tuta, akaenda kusimama mbali. Bibi akanituma nikalichukue. Nikaenda nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku, nikalichukua, nikarudi, mama mkwe naye akarudi mahali pake. Sasa mimi nikawa na makopo mawili ya minyoo na yeye hana hata moja, na kwa heshima hakuomba. Alikaa vile vile na ndoano tupu majini.

Nikaona aibu. "Bibi, mrudishie minyoo yake, na umwambie ukweli. Mwambie binti yake anaumwa, anamtaka. Sema hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze."

"Mwanangu," bibi akaita, "mkwe wako njaa inamuuma."

Mama mkwe akakunja uzi, akaenda nyumbani kupika. Mchana wote ukaishia hapo. Nililetewa chakula peke yangu kwenye chumba cha wageni, perege wa kukaanga na ugali kama kichuguu, kwa kuwa mgeni amelalamika njaa mbele za watu. Niliula wote. Kuubakiza kungekuwa ujumbe mwingine, na sikutaka tena bibi aupeleke. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wahenga hawakushinda na bibi yule lamboni.

Jioni mke wangu akapiga simu. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema Malampaka samaki wanaletwa na treni."

Akacheka, akacheka mpaka nikaogopa kwa ile presha, na katikati ya kicheko nikasikia amehamia kwenye kulia. Nikamwambia kesho bado ipo. Akasema anajua kwamba ipo. Nilipokata simu nilikuwa nimemkasirikia bibi kiasi kwamba sikumtakia usiku mwema, na kwa mtani wako hilo ni tusi.

Jumapili tulisali, tukala, na baada ya chakula mama mkwe akachukua ufito. Mimi nikachukua wangu. Bibi akachukua ndoo na mwavuli. Nilikuwa nimeamua: leo nitasema mara moja tu, bibi akipotosha, nitawasha pikipiki nirudi kwa mke wangu, na nitajua la kumwambia nikiwa njiani.

Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Nilikuwa bado nafunga ndoano, nikasikia mama mkwe ameguna, na ufito wake ukapinda mpaka ncha ikaingia majini. Perege hapindishi ufito hivyo. Mama mkwe akasimama, akarudi nyuma hatua moja, akavutwa hatua mbili mbele. Majini kukatokea mgongo mrefu, mweusi, unajinyonganyonga.

"Nzagamba!" bibi akapiga kelele, akiinuka kwenye ndoo yake kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Umekamata nzagamba, mwanangu!"

Nzagamba ni dume la ng'ombe, lakini yule alikuwa kamongo, na kamongo mkubwa. Ni samaki mwenye umbo la nyoka aliyelishwa vizuri, anapumua hewa kama mimi na wewe, na kiangazi lambo likikauka yeye hujizika kwenye tope, akalala mpaka mvua irudi. Anang'ata. Mtu mwenye akili akimwona kwenye ndoano yake hukata uzi. Mama mkwe hakukata. Kingo za tuta zilikuwa zimelowa kwa kukanyagwa na ng'ombe, na nikiwa namwangalia, maana hapo nilikuwa namwangalia, Mungu anisamehe, miguu yake ikateleza na yeye akashuka taratibu, amesimama wima, mpaka tope likamfika kiunoni. Ufito ulikuwa bado mkononi.

Nikakimbia. Nilikimbia kama mtu anayekwenda kumwokoa mtu. Nikafika ukingoni, nikanyoosha mikono, na ndipo nikaona kwamba khanga yake ya juu imemtoka na inaelea kwenye maji peke yake.

Nikageuka nyuma.

Sikufikiri, nilijikuta tu nimegeuka. Nimemfikia mama wa mke wangu anazama kwenye tope, na mimi nimempa mgongo, nimesimama kwa heshima, natazama shamba la pamba.

"Mshike!" bibi akapiga kelele.

"Nimshikeje?"

"Kwa mikono! Bebe, wewe, huna mikono?"

"Khanga imetoka, bibi!"

"Ana gauni ndani!"

"Sijaliona!"

"Basi geuka ulione!"

"Siwezi kugeuka!"

Wakati sisi tunajadiliana, mama mkwe alikuwa anaendelea kwenda chini. Nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la busara. Nikachukua ufito wangu, nikaupitisha chini ya kwapa, nikausogeza nyuma yangu bila kugeuka, ili ashike ncha nami nitembee mbele kama ng'ombe wa jembe.

Nyuma yangu mama mkwe akasema kwa utulivu wote, "Mama, mwambie haufiki. Arudi nyuma kidogo."

"Mume wetu, anasema haufiki, rudi nyuma kidogo!"

Nikarudi nyuma kidogo.

"Mwambie kidogo tena."

"Kidogo tena!"

Kwa mara ya kwanza tangu tufike pale, bibi alikuwa amefikisha maneno yote kama yalivyo. Nikarudi nyuma kidogo tena, ukingo ukaondoka chini ya visigino vyangu, nikaenda kwa makalio moja kwa moja, nikatua kwenye tope ubavuni mwa mama mkwe, mpaka kifuani, na fulana yangu ya kanisani.

Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi niliyaoga na nguo zote.

Kule juu, bibi alikaa kwenye nyasi. Nilidhani ameshtuka. Kisha nikaona mwavuli unatikisika. Alikuwa anacheka, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anajaribu kusema neno na neno halitoki. Mama mkwe akamwita: "Mama, mwambie..." Bibi akainua mkono, akaushusha. Hakuna mjumbe tena. Tukabaki wawili, tumezama, kila mtu anatazama kwake, na kamongo anauvuta uzi katikati yetu.

Nikasikia sauti, ya chini sana. "Baba, umeumia?"

Hakuwahi kunisemesha kabla ya hapo. Kwetu mama mkwe akikuita baba ni heshima kubwa.

"Hapana, mama. Na wewe?"

"Sijaumia." Akauvuta uzi kidogo. "Mtoto anaendeleaje?"

Mtoto ni mke wangu. Kwa hiyo jana alikuwa amesikia yote.

"Si vizuri, mama. Miguu imevimba. Anakutaka."

"Unadhani nakataa kwa sababu ya mila."

"Ndivyo ulivyosema."

"Mila ni kitu cha kuwaambia watu." Sauti yake ikabadilika. "Dada yake nilimpeleka mimi kujifungua. Nilimbembeleza njia nzima, nilimshika mkono, nikamwambia mimi mama yako nipo, hakuna kitu kitakupata. Nilirudi na nguo zake kwenye mfuko. Baba, labda ni mimi. Labda mguu wangu si mzuri. Nikikaa mbali, huyu atapona. Ndiyo maana siji. Siwezi kumwambia mwanangu maneno hayo kwenye simu."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mila. Nilikuwa na hoja, nilikuwa hata na mifano ya majirani. Hili halikuwa la kubishiwa, kwa sababu hofu hiyo nilikuwa naijua. Na mimi nilikuwa naamka alfajiri kusikiliza kama mke wangu anapumua.

"Mama," nikasema, "hata mimi naogopa. Naogopa kila siku, na nyumbani sina wa kumwambia, maana mwenyewe ndiye anayeumwa. Njoo tu. Njoo tuogope wote."

Tope lilikuwa la baridi. Akanisogezea ufito, akasema, "Vuta huu uzi, mikono yangu imechoka."

Nikashika ufito wake. Tukavuta wote wawili, yeye nyuma ya mkono wangu, mimi mbele ya wake, na yule kamongo akakimbilia kando ya tuta, kuvutana naye kukatusogeza mpaka kwenye mizizi ya majani, tukashika mizizi, tukapanda. Bibi alikuwa amepata pumzi, akampa mwanawe khanga yake mwenyewe. Mimi nikageuka wakati anajifunga. Adabu ilikuwa imerudi mahali pake, na nilifurahi kuiona.

Kamongo tulimweka kwenye ndoo ya bibi. Wanawake wa kaya ile hawali kamongo. Shemeji hataki kamongo alale ndani kwake hata akiwa kwenye mfuko. Kwa hiyo, baada ya vita vyote vile, samaki alikuwa wangu peke yangu, na mimi kamongo sijawahi kumpenda.

Tulipokuwa tunarudi, mama mkwe akiwa ametangulia mbali, nilimuuliza bibi kwa nini alinifanyia vile Jumamosi.

"Nilijua atakataa," akasema. "Maneno yakishapita kwa mjumbe yamekuwa ya watu wote. Angesema yaya, yaani hapana, mbele yangu, ingebaki yaya mpaka anakufa, namjua, mimi ndiye niliyemzaa. Basi nikawa nakupa minyoo, mpaka muongee wenyewe."

"Ungenieleza, bibi."

"Ningekueleza ungeweza kupiga kelele vizuri vile?"

Mama mkwe hakupanda pikipiki yangu, hilo hata sisi tuliotoka topeni tusingelifanya. Alikuja Jumatatu kwa basi, na mkoba mmoja na ndoo ya perege waliokaushwa. Alisimama nje ya uzio, akamtuma jirani kuniuliza kama nyumba ina watu. Nikaelewa. Nikakunja godoro la sponji na mto, nikahamia kibandani kwangu, nikawa nalala chini ya meza ya simu mbovu. Nilipokuwa natoka kwa mlango wa nyuma yeye akaingia kwa wa mbele, na nikamsikia mke wangu akimwita mama yake "Mayu!" kwa sauti ya mtoto mdogo. Dada wa maandazi aliponikuta asubuhi napiga mswaki mlangoni akauliza kulikoni. Nikamwambia mama mkwe amekuja. "Baada ya kule kuvua?" akasema. Nikamwacha.

Tuliishi hivyo wiki nyingi. Chakula kililetwa kibandani kimefunikwa. Ujumbe ulipitia kwa mke wangu, ambaye hakupotosha kitu, na miguu yake ikaanza kupungua uvimbe.

Siku ilipofika tulimpeleka hospitali asubuhi. Wanaume tuliambiwa tubaki nje. Mama mkwe naye akabaki nje. Alikaa kwenye benchi la mbali, upande wa pili wa uwanja, mfuko wa nguo za mtoto mapajani, ameushika kwa mikono yote miwili. Muuguzi akatoka, akauliza nani ndugu wa kike, aingie na khanga. Mama mkwe hakuinuka. Muuguzi akauliza tena. Nilimtazama mama mkwe, usoni kabisa, na sikumhimiza, maana sijui kama ningekuwa yeye ningeinuka. Kisha akaufungua ule mfuko, akatoa khanga, akaingia.

Jua lilikuwa limepanda vizuri alipotoka. Hakuwa na mfuko. Alivuka uwanja wote ule mbele za watu, akapita lile benchi lake la mbali, akaja mpaka nilipokuwa, akanitazama machoni.

"Baba," akasema, "wote wazima."

Akakaa benchi langu, begani kwangu, akaanza kulia. Nami, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumtuma amwambie mama anyamaze, nikalia naye.